Miezi Minne Nikiwa Mjamaa

Nyumbani kwetu neno "ujamaa" lilitamkwa kwa sauti ile ile ya kutaja ugonjwa uliowahi kupita kwenye ukoo. Baba yangu alikuwa na miaka tisa Operesheni Vijiji ilipofika kwetu, upande wa Njombe, mwaka 1974. Watu waliambiwa wahamie barabarani. Babu alichelewa kwa sababu mahindi yalikuwa hayajakauka, mgambo wakaja wakachoma nyumba. Miaka miwili baadaye, babu akiwa ameanza kuinuka tena kwa duka la chumvi, mafuta ya taa na viberiti, ikaja Operesheni Maduka, nalo likafungwa kupisha duka la kijiji. Duka la kijiji, baba hupenda kusema, lilidumu mpaka chumvi ya babu ilipokwisha.

Humo ndimo nilimokulia. Leo nauza pembejeo, na msimu wa viazi ukifika nanunua viazi mashambani na kuvipakia kwenda Dar es Salaam. Naamini mtu akiachiwa jasho lake atalitunza kuliko kamati yoyote ile. Hiyo ndiyo imani yangu, ingawa zamani sikuiita imani. Niliiita akili.

Kisha redio ya jamii ya hapa kwetu ikaniomba niandike mchezo wa vipindi sita. Nilikuwa nimewaandikia vichekesho vifupi vya kutangaza mbolea, wakaona naweza. Hadithi ilikuwa ya ndugu wawili wa tumbo moja mwaka 1974, mmoja mwenye duka, mwingine katibu wa tawi la TANU, chama tawala cha wakati ule. Malipo yalikuwa shilingi 150,000 kwa vipindi vyote. Nikikwambia kwamba hadi namaliza nilikuwa nimetoa mfukoni 212,000 kwa nauli, soda, ulanzi (pombe ya mianzi) na vocha, bila kuhesabu siku nilizofunga duka katikati ya msimu wa mbolea, utaelewa kwa nini nataka uyajue haya kabla hujaanza kazi kama hiyo, ya kumwandika mtu anayeamini usichokiamini.

Mwenye duka nilimwandika kwa siku mbili. Alikuwa babu. Katibu naye nilimwandika kwa usiku mmoja: mwanamume mwenye kitambi, anayekula kuku wa wenzake na kupiga kelele za "Zidumu fikra!" huku akificha sukari chini ya kitanda. Nilicheka mwenyewe nikiandika. Mama anayeongoza michezo pale redioni alisoma kurasa mbili akavua miwani.

"Mdogo wangu," akasema, "huyu mtu anajua kwamba yeye ni mwongo. Wewe umeshawahi kukutana na mtu wa namna hiyo?"

Nikamwambia wapo tele.

"Wezi wapo tele. Mimi nakuuliza juu ya aliyeamini. Aliyekuwa halali usiku kwa sababu kisima cha kijiji hakijafika kwenye maji. Niletee huyo."

Niliudhika, nikaona ananilazimisha kumtetea mchoma nyumba. Nikaenda nikaandika upya, na sasa katibu akawa mtu mwema lakini mjinga, aliyedanganywa na wakubwa. Mama yule alinirudishia karatasi bila neno. Baadaye nilielewa kwamba toleo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mwizi angalau umemwachia akili zake. Mjinga umemnyang'anya hata hizo, kisha unajisifu kwamba umemhurumia. Ukijikuta unaandika "aliaminishwa" mahali pa "aliamini", jua bado uko nje ya nyumba unachungulia dirishani.

Kosa langu la kwanza lilitoka shuleni. Sote tumepita kwenye midahalo, "elimu ni bora kuliko fedha", ukiwekwa upande wa wapingaji kwa kupangwa tu, nawe unapinga mpaka mate yanakauka. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuazima hoja za upande wa pili. Lakini mdahalo hukufundisha kushinda tu. Unaweza kuupinga ukweli wako saa nzima na usitoke hata kidogo ndani ya ngozi yako. Ni kama yule wakili wa shetani wa Kanisa Katoliki, ambaye tangu 1587 kazi yake ilikuwa kutafuta dosari za mtu anayependekezwa kuwa mtakatifu, mpaka Papa Yohane Paulo wa Pili alipobadili utaratibu mwaka 1983. Wakili alipinga, akafunga faili, akaenda kula. Hakuna aliyemwambia aamini. (Baba aliposikia mwaka 2005 kwamba Mwalimu Nyerere ameitwa Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza kuelekea utakatifu, alisema kazi ya wakili huyo wangemrudishia yeye, angeifanya bila mshahara.)

Nikaanza kwa kusoma. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mimi ambaye ningeweza kukueleza ubaya wake kwa saa nzima sikuwa nimewahi kulisoma. Nakala niliazima kwa mwalimu mstaafu. Mara ya kwanza nililisoma na kalamu nyekundu mkononi, nikimaliza ukurasa nimeshaugombeza. Sikupata kitu. Mara ya pili nilijiwekea sharti la kijinga kidogo, na ndilo lililonisaidia: kila ukurasa lazima nitafute jambo moja ambalo ningefurahi lingekuwa kweli. Siyo jambo ninalokubaliana nalo. Jambo ambalo ningefurahi.

Ukurasa kwa ukurasa nikaanza kuyaona. Masharti ya uongozi, kwa mfano. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya watu binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Niliweka kitabu chini nikawafikiria viongozi ninaowajua na nyumba ninazojua ni za nani. Ningefurahi, ndiyo. Tena kitabu chenyewe kinasema waziwazi kwamba ujamaa hauwezi kujijenga wenyewe kwa kuwa ujamaa ni imani. Wao walilisema jambo hilo tangu mwanzo. Asiyejua kwamba anaamini nilikuwa mimi.

Kitu kingine kilinivuruga. Siku zote nilidhani watu wale hawakuwa na shaka. Kumbe mwaka 1977, Azimio likitimiza miaka kumi, Nyerere mwenyewe aliandika taarifa akakiri kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Maneno makali kuliko hayo juu ya upande wangu mimi mwenyewe sijawahi kuyaandika. Basi katibu wangu lazima naye awe na shaka, tena shaka yake, siyo yangu niliyomvisha. Shaka yangu ilikuwa "kwa nini tunanyang'anya watu?" Ya kwake, nilikuja kujua, ilikuwa "kwa nini hatuendi haraka?"

Vitabu vikanifikisha hapo vikaishia. Nikahitaji mtu.

Nilipata wazee watatu na nikakosea kuanza na aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa katibu kata na leo ana mashine mbili za kusaga. Huyo alinipa kila nilichotaka kusikia: walikuwa wanajaza takwimu za uongo, walikuwa wanakunywa pombe ya wageni. Nilirudi nyumbani nimefurahi, na furaha hiyo ilipaswa kunitisha. Ukitaka kuielewa imani usiende kwa aliyeichoka. Nenda kwa aliyepata hasara kwa ajili yake na hajaiacha. Anapatikana kwa shida, na mara nyingi hataki kuonana nawe.

Wa kwangu anaishi kilomita ishirini na kitu kutoka mjini. Watu humwita Mzee Katibu mpaka leo. Ana miaka themanini na zaidi, nyumba ya tofali za kuchoma yenye vyumba viwili, na ubao wa zamani wa kisomo cha watu wazima ameuegemeza ukutani. Nilibisha hodi, "Kamwene," akaitikia, nikampa shikamoo, akanikaribisha. Kisha nikaharibu. Swali langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa: "Mzee, unadhani mlikosea wapi?"

Alinitazama kwa muda. Akasema mvua inakuja na barabara yetu si nzuri, niwahi. Nikawahi. Nauli ya pikipiki kwenda na kurudi ilikuwa 16,000, nikapata sentensi moja.

Nilirudi mara mbili zaidi, na mara zote mbili tukabishana. Yeye akisema shule, mimi nasema nyumba zilizochomwa. Akisema zahanati, mimi nasema foleni za sabuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Alinitajia mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alivyomshika mkono mama yake mzazi akaandika jina lake kwa chaki. Nami, badala ya kukaa kimya na chaki ile, nikamuuliza mama alikula nini mwaka huo. Wiki tatu zilipotea hivyo. Nilikuwa nakwenda kwake na baba yangu mabegani.

Nilichojifunza kuhusu kuuliza ni hiki, na kama utachukua jambo moja hapa chukua hili: acha "kwa nini". "Kwa nini" humfanya mtu asimame kizimbani. Uliza "ilikuwaje". Uliza alikuwa amevaa nini, nani alikuwa jirani yake, walikula nini wakitoka kwenye mkutano. Uliza maisha kabla ya imani, maana imani huwa jibu, na jibu huwezi kulielewa kama swali lake hulijui. Safari ya nne nilikwenda na ndoo ya ulanzi, nikakaa kwenye kigoda, nikamuuliza kabla ya TANU alikuwa anafanya nini.

"Nilikuwa manamba," akasema.

Alikuwa na miaka kumi na minane wakala wa SILABU, ofisi ya waajiri wa mkonge, alipopita kijijini kukusanya vijana wa kwenda mkonge Tanga. Walipewa blanketi wakapakiwa kwenye lori. Alifanya kazi miaka mitatu akikata mkonge, akiishi kambini, akitunza kipande chake, kadi ya kazi, kuliko nguo, kwa sababu siku isiyoandikwa kwenye kipande haikuwepo duniani.

"Niliondoka hapa na jina la baba yangu," akasema. "Kule nikapewa namba. Nyapara hakuwahi kuniita jina langu, miaka yote mitatu. Si kwa ubaya. Hakuwa na haja nalo. Nikarudi. Siku moja nikaenda mkutano wa hadhara, mtu wa Chama akasimama, msomi, ana viatu, akanionyesha kwa kidole, akasema: 'Ndugu, wewe hapo, unasemaje?' Wewe umezaliwa unaitwa ndugu. Huijui ladha yake."

Sikuandika kitu. Daftari lilikuwa mapajani, kalamu mkononi, nikanywa ulanzi.

Njiani nikirudi nilijiuliza kama imani yangu nayo ina siku yake. Inayo, siyo siku moja tu. Ina paa linaloungua na duka lenye kufuli ya serikali, mambo ambayo hata sikuyaona kwa macho yangu, niliyarithi kama shamba. Mimi na Mzee Katibu hatukutofautiana kwa hoja. Tulitofautiana kwa kilichotuuma. Yeye aliumwa na tajiri asiyemjua jina, baba yangu aliumwa na kamati iliyomjua jina vizuri sana.

Baada ya siku hiyo kalamu ilikwenda. Lakini iko kazi ndogo ambayo haina sifa na ndiyo inayoshika mchezo wote, nayo ni maneno. Katibu wangu alikuwa anasema "serikali". Mzee akanirekebisha: sisi tulisema Chama, serikali ilikuja nyuma. Nilimwandikia "maskini", akasema hapana, "wanyonge", kwa sababu maskini ni mtu aliyekosa na mnyonge ni mtu aliyenyimwa. Fungua Azimio uone, linasema unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa. Nilimwandikia "tajiri", akanipa "kupe" na "mwenye mrija". Hakuna aliyesema "kugawana umaskini", hayo ni matusi ya upande wetu. Ukimsikia mhusika wako anatumia neno ambalo waamini wenzake hawalitumii, umemlaza kitandani kwako. Nilitengeneza orodha ya maneno arobaini na mawili, yao upande mmoja, yetu upande wa pili, nikaibandika juu ya meza.

Hata habari ile ile hubadilika ikivaa maneno mengine. Mkoa wetu wa zamani wa Iringa una kisa kila mtu anachokijua, cha Krismasi ya mwaka 1971, Said Mwamwindi alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, shambani kwake Isimani, kisha akaipeleka maiti mwenyewe polisi. Alihukumiwa akanyongwa. Kwetu kisa hicho nilisimuliwa kama habari ya mkulima aliyefika mwisho wa uvumilivu. Mzee Katibu alinisimulia habari ya msomi aliyeweza kukaa ofisini siku ya sikukuu akala pilau na watoto wake, akaamua kwenda shambani, hakurudi. Kila tukio lilikuwa lile lile. Nilijaribu usiku ule kukisimulia kwa njia yake, kwa sauti, chumbani peke yangu. Mdomo ulikataa mara mbili.

Nilipanga kuishi wiki moja kwa macho yake. Nashauri ufanye hivyo, ila weka siku ya kuanza na siku ya kumaliza, uwe na mtu anayejua. Mimi sikuweka mipaka, na nusura nipoteze msimu.

Ilikuwa Februari, viazi vimeanza kutoka. Nilikuwa ghalani nahesabu magunia. Wanaojua biashara hii wanajua lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, halafu linaongezewa kichwa juu, linafungwa kwa kamba za katani. Kisheria gunia lisizidi kilo 100. La kwetu linaweza kufika 130 na zaidi, na mkulima analipwa gunia moja. Nimefanya hivyo miaka tisa. Siku zote nilikuwa na maelezo: soko ndilo linalotaka, dalali wa Dar es Salaam hapokei gunia la bapa, nisipochukua mimi atachukua mwingine. Sasa nikayatazama magunia yale na macho ya mtu aliyekata mkonge, nikaona kamba zile za katani zimeshikilia kilo thelathini za mtu ambaye sikuhitaji kumjua jina.

Nilimwita yule mama aliyeniletea magunia kumi na nne asubuhi ile. Nikagundua kwamba kweli simjui jina. Kwenye daftari langu ameandikwa "14 – kona ya juu".

Nilinunua mizani. Shilingi 380,000, na hiyo siihesabu kwenye gharama za mchezo ingawa huko ndiko ilikotoka. Wiki mbili nikapima kila gunia na kulipa kwa kilo. Wakulima walifurahi, dalali wangu wa miaka sita alikata simu na hajapokea tena. Nilipoteza mzigo wa lori moja. Sasa napima kwa wanaotaka kupimiwa, na dalali mpya tumekubaliana kilo 110, jambo ambalo Mzee Katibu alipolisikia alicheka mpaka akakohoa. "Umekuwa mjamaa wa kilo ishirini," akasema. Mimi si mjamaa. Bado naamini mama yule apange bei yake mwenyewe, asipangiwe na kijiji. Lakini siwezi tena kusema kwamba mpaka sasa alikuwa akiipanga.

Tukio gumu kuliko yote kuliandika lilikuwa la kuhamisha watu. Nilijua lazima liwepo, na nilijua hapo ndipo ningerudi kumfanya katibu kuwa mnyama. Novemba 1973 Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, wakati mwaka 1967 andiko lao lenyewe la Ujamaa Vijijini lilisema watu wasilazimishwe. Nilimuuliza Mzee ilikuwaje siku ile, siyo kwa nini. Akasimulia polepole. Alikuwepo. Hakushika kibiriti, alipanda juu ya paa akang'oa nyasi. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mkwe wake.

"Wewe una watoto," akaniambia. "Umewahi kumshika mtoto apigwe sindano? Analia, anakuita jina, anakuuma mkono. Unamshika zaidi. Halafu unalala usingizi. Ndivyo nilivyolala."

Akanyamaza, kisha akaongeza: "Kasoro yake ni kwamba hawakuwa watoto. Hilo nimelijua baadaye."

Niliandika sindano ile kama ilivyo. Kasoro yake sikuiweka, kwa sababu mwaka 1974 alikuwa bado hajaijua. Hiki ni kishawishi kikubwa, kumpa mhusika toba ya miaka hamsini mbele ili wewe mwandishi uonekane msafi. Ukimpa, umemtoa kwenye siku yake.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa nyumbani. Sikumwambia baba. Alijua naandika mchezo wa redio, alidhani ni wa babu. Jioni moja nilikuwa najisomea kwa sauti maneno ya katibu, ile hotuba ya chini ya mti, nikafika mahali pa "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe", msemo ambao Nyerere aliutumia tangu kijitabu chake cha ujamaa cha mwaka 1962. Nilikuwa nausema vizuri. Nadhani nilikuwa nausema vizuri mno. Baba alikuwa mlangoni.

"Mwambie huyo ndugu yako," akasema, "arudishe mahindi ya baba yangu."

Akaondoka bila kula. Siku arobaini na moja hakunipigia simu, na nilipokwenda aliongea na wajukuu tu. Nilijitetea kwamba kuelewa siyo kusamehe, na ni kweli, lakini hiyo ni sentensi ya kumwambia mtu kabla, ukiwa umekaa naye, siyo baada ya kumkuta mlangoni. Kama imani unayoivaa iliwaumiza watu wa nyumba yako, waage kwanza. Waambie unakwenda wapi na utarudi lini. Mke wangu alinilaumu kwa hilo na sikuwa na jibu.

Majaribio tuliyafanya kilabuni, mahali pa ulanzi. Mama mwongozaji alikuwa na wazo zuri: nisiseme nimeandika mimi, na nisiseme upande wangu ni upi. Nikasoma hotuba ya mwenye duka na hotuba ya katibu kwa wazee tisa, kisha nikawauliza mwandishi ni wa upande gani. Watano wakasema mwandishi ni mtu wa TANU aliyekomaa. Mmoja akaapa anamfahamu. Mzee mmoja tu alitikisa kichwa kwenye hotuba ya katibu, akasema pale penye "tutajenga zahanati" mtu wa siku zile angesema "tutajijengea". Nikasahihisha hapo hapo. Kilichonishangaza ni kwamba mwenye duka wangu, babu yangu mwenyewe, ndiye waliyemwona wa karatasi. "Huyu hana kosa hata moja," wakasema. "Muuza duka asiye na kosa hata moja tulikuwa naye wapi?" Nilirudi nikampa babu mizani iliyolegea kidogo. Baba sijamwambia.

Vipindi vilianza kurushwa Machi, Jumapili jioni. Simu zilikuja za pande zote mbili. Mtu mmoja alisema redio imeuzwa, mwingine akasema mwandishi amewatukana waasisi, na mama mwongozaji alifurahia zile mbili kuliko pongezi zote.

Baada ya kipindi cha tano, kile cha paa, baba alinipigia. Hakusalimu. Akauliza: "Yule mama mkwe. Alisema nini alipotolewa?"

Sikujua. Miezi minne nikiwa ndani ya kichwa cha katibu nilikuwa nimeangalia kila kitu kutoka juu ya paa, na sikuwahi kumuuliza Mzee yule mama alisema nini huku chini.

Nikapanda pikipiki kesho yake. Mzee Katibu alikaa muda mrefu akiuangalia ubao wake wa kisomo.

"Hakulia," akasema. "Alisema, mwanangu, ngoja nichukue moto kwanza. Akaingia, akatoka na makaa kwenye kigae, akatembea nayo mpaka kule kwenye viwanja vipya. Mimi nikiwa nyuma nimebeba kitanda chake."

Jioni nilikwenda kwa baba, nikamweleza kama nilivyoelezwa. Alikuwa amekaa jikoni, redio ndogo iko kwenye dirisha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi yako naye alitaka kuubeba," akasema. "Wakamwambia auache, huko aendako ataukuta."